Firigisi ya Rais

Jinja, Jumapili, 1 Septemba 1957

Tumechinja kuku, na firigisi ameila paka tena.

Naandika nikiwa bado na hasira. Daftari hili ni la Nangobi, binti yangu wa pekee. Alilibakisha alipomaliza shule, nami siwezi kuona karatasi nyeupe ikikaa bure. Atakayesoma aelewe basi: mimi ni Hajarah, mzaliwa wa Mombasa, niliyeolewa na Mutwalibu mwaka wa pili wa vita, naye akanileta huku vita vilipokwisha. Nina hoteli ndogo karibu na gati, chai, mandazi na pilau. Mutwalibu ni Msoga wa Wanyange. Zamani alikuwa akitia makaa kwenye meli, sasa anatunza injini ya mashua inayovuta matishari ya pamba ziwani. Hanywi, hanipigi, hanijibu. Ana kichaa kimoja tu.

Kwao firigisi ni heshima. Kuku akipikwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni mkubwa akiwepo. Mutwalibu haili. Tangu anioe sijamwona akiitia mdomoni. Huiweka kwenye kisahani cha bluu, akakifunika, akasema, "Hii ya ndugu yangu." Ndugu yupi? Mzungu, ati! Luteni wa jeshi la maji la nchi sijui gani, waliyepotea naye baharini wakati wa vita mpaka wakachanjiana damu. Astaghafirullahi. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka naiota. Wa kunenepa ni paka.

Alhamisi, 5 Septemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumapili, 8 Septemba

Leo wakwe walikuja.

Nangobi anaposwa na Muzamiru, kijana mtulivu, mtoto wa Mzee Zubairi wa Mbale. Zubairi ana malori yanayobeba buni kutoka mlimani, na nyumba yake iko Wanale, chini ya mwamba wa mlima. Amekuja na mkewe Nambozo, mama mcheshi ambaye hata kabla hajavua baibui alishaingia jikoni kwangu kuchambua mchele. Nikasema moyoni, mwanangu kapata nyumba.

Nilipika jogoo mzima. Nikaweka firigisi juu kabisa, ikimtazama mgeni. Nikamkonyeza Mutwalibu: leo tafadhali, leo tu. Zubairi akapiga bismillahi, mkono wake ukawa njiani. Mutwalibu akamtangulia. Akaichukua ile firigisi, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, akaiweka kwenye kisahani cha bluu.

"Hiyo ya nani?" Zubairi akauliza.

"Ya ndugu yangu."

"Ndugu yako iko wapi? Mimi sioni mtu."

"Iko mbali, mzee. Ng'ambo ya bahari."

Zubairi aliurudisha mkono wake. "Mutwalibu, mimi nimetoka Mbale na matope mpaka hapa ya magoti. Mtu hayuko, umempa. Mimi niko, umeninyima. Kale, sawa. Nimeelewa."

Akanawa mikono ambayo haijagusa chakula, akatoka. Nambozo alinishika bega tu, akamfuata. Nyuma ya pazia nilimsikia Nangobi akivuta pumzi. Nilimwambia Mutwalibu maneno ambayo sitayaandika. Alikifunika kisahani.

Ijumaa, 13 Septemba

Nambozo kapitia na lori la mumewe kuleta ujumbe. Zubairi anataka Mutwalibu aende Mbale, mbele ya wazee, aseme ndugu huyo hayupo, na aile firigisi wote wakiona. Asipofanya hivyo, buni ikimaliza kuchumwa Muzamiru ataoa msichana wa kijiji cha Busiu. Msichana yupo na wazazi wake wako tayari.

"Mwenzangu," Nambozo akaniambia, "mimi namtaka Nangobi. Lakini mzee wangu ameaibika."

Nami ningeaibika. Nimempelekea Mutwalibu maneno hayo gatini, akiwa na mafuta mpaka viwikoni. Kasema, "Siwezi kumkana." Basi. Mwanangu anapoteza mume kwa ajili ya kipande cha kuku!

Jumatano, 18 Septemba

Nangobi hali. Mvua.

Jumanne, 24 Septemba

Sijui leo nicheke au nilie.

Nilimtuma Mutwalibu dukani kwa Mansukh akalete sukari. Akarudi kichwa wazi, mvua inamtiririka usoni, kofia kaishika mikono miwili. Sukari yote kaimimina ndani ya kofia. Na ile karatasi ya gazeti iliyofungiwa sukari kaificha kifuani, chini ya shati, isilowe.

"Hajarah. Tazama. Ni yeye."

Ni picha ya Mzungu mnene kidogo, nguo nyeupe za jeshi la maji, nishani kifuani, amesimama kwenye roshani, na chini yake watu wengi mno, vichwa tupu mpaka mwisho wa picha. Mume wangu aliweka kidole kwenye uso ule.

"Anselmo," akasema. "Amezeeka. Amekuwa mkubwa."

Nikaichukua, nikarudi nayo kwa Mansukh, maana Kiingereza kinanishinda. Akavaa miwani, akasoma polepole. "Hii mtu admirali. Sasa watu yake imechagua yeye rais. Inchi inaitwa Santa Marena, mbali sana, inalima kahawa kama Mbale." Nikamwambia anavyosema Mutwalibu. Mansukh akacheka mpaka mkewe Taraben akatoka nyuma kuuliza kuna nini. "Mama Nangobi, kama hii shemeji yako, basi mimi mjomba ya Gavana!"

Taraben hakucheka. Alinipimia sukari nyingine, akanisindikiza mpaka barazani. Lakini mji mzima umeshasikia.

Ijumaa, 27 Septemba

Hotelini wananiita Shemeji wa Rais. Wapakiaji wa gatini wanaagiza "chai ya ikulu". Nimemmwagia mmoja.

Jumapili, 29 Septemba

Leo Mutwalibu amezungumza. Mutwalibu!

Tulikwenda Wanyange kuwaona watu wake. Wakati wa kurudi tulisimama ufukweni, mvua ikiwa imekatika, ziwa limenyooka. Nikamwambia kwa upole, maana hasira zimeniishia: "Baba Nangobi, nenda Mbale ukaile tu. Mungu anajua moyo wako. Ni nyama."

Akakaa juu ya jiwe. Akanisimulia yote kutoka mwanzo, na mengi sikuwa nimewahi kuyasikia, pengine kwa sababu kila mara nilimkatiza.

Meli ilipopigwa, mguu wa luteni yule ulibanwa na chuma ukapondeka. Katika ile mashua ya kuokolea watu maji ya chumvi yalikuwa yakijaa chini, na kila yakiugusa ule mguu jamaa alikuwa akizimia. Kwa hiyo Mutwalibu aliubeba. Aliuweka mapajani mwake mchana, akauweka mapajani usiku, na wengine walipokuwa wakifa mmoja mmoja yeye aliendelea kuubeba. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Mutwalibu alikuwa na kifuko cha buni za kutafuna, kama watu wa kwao wanavyotembea nazo, na ilipobaki moja aliipasua. Akajichanja chini ya kitovu, akamchanja mwenzake, kila mmoja akala nusu yenye damu ya mwingine. Huo ndio undugu wa kwao. Hauvunjwi.

"Tulikuwa na njaa, Hajarah. Nikamchorea kuku kwenye ubao, kwa msumari. Nikamwonyesha firigisi. Nikamwambia na mikono: yangu ni yako, yako ni yangu, mpaka tuonane. Yeye akaelewa. Akacheka. Mtu anakufa, na anacheka."

Kisha meli mbili zikawaona. Moja ikawachukua Waafrika, nyingine ikawachukua Wazungu. Hawakupewa nafasi hata ya kuagana.

Nikamuuliza, "Na unadhani yeye anakukumbuka? Mtu ana nchi nzima mabegani."

"Sijui," akasema. "Lakini mimi siko na nchi. Mimi niko na neno."

Njiani nilimtazama mgongo wake mwembamba akinitangulia matopeni, na nikaona haya, ingawa bado sikuamini. Alibeba mguu wa mtu, hilo naliamini. Hilo la rais ni jingine.

Jumatatu, 7 Oktoba

Maulidi. Tumesoma mvua ikipiga mabati, hata sauti ya imamu haikusikika. Nimemwombea Nangobi.

Jumatano, 16 Oktoba

Nambozo kanitumia dereva. Wageni wanakuja Mbale kutazama buni za mlimani na jinsi zinavyooshwa. Kwa kuwa Zubairi ndiye mwenye malori, kaombwa awalishe chakula cha mchana nyumbani kwake. Anataka pilau ya Kimombasa. Zubairi mwenyewe, kwa kinywa chake, amesema aitwe Mama Nangobi! Hiyo ni kazi ya Nambozo, namjua.

Nimekubali. Kwa pilau yangu Zubairi atalainika, na akilainika nitasema naye. Nimemuuliza dereva wageni ni wa wapi. Kasema, "Santa nini sijui. Na afande mmoja wa jeshi la maji, mtu wa rais wao."

Mutwalibu alikuwa mlangoni. Alisikia. Alikwenda kumwomba serahangi, mkubwa wake wa mashua, ruhusa bila kuniambia kitu.

Jumanne, 22 Oktoba, Mbale

Njiani lori limekwama Busiu, tukasukuma sote, nimechafuka mpaka kwenye kope. Tumefika jioni. Wanale yote ilikuwa na maji yanayoporomoka kutoka juu ya mwamba, mistari mirefu myeupe, na ngurumo yake unaisikia kifuani. Nangobi alisahau huzuni akasimama mdomo wazi. Hata mimi.

Zubairi alitupokea mimi na binti yangu vizuri. Lakini Mutwalibu aliambiwa hivi: "Wewe karibu siku utakapokuja na maneno niliyoomba." Mutwalibu akaitikia kwa heshima, akaenda kulala msikitini. Nimemfungia mikate.

Jumatano, 23 Oktoba, Mbale

Nitajitahidi kuandika sawasawa. Nambozo yuko hapa anasema niandike kabla hatujaanza kuongeza chumvi.

Wageni walikuja mchana, mvua imeanza tena. Wakubwa watatu wa kahawa na huyo afande, Komanda Ledesma, kijana mrefu, nguo nyeupe pepe, na wala hakujali matope. Anazungumza Kiingereza kidogo, na Otim, karani wa kiwanda cha buni, akawa anamgeuzia Zubairi kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni na mwiko wangu, naona kila kitu. Muzamiru ndiye alikuwa akinawisha wageni mikono.

Pilau ikapita. Kisha kuku. Nilimweka mbele ya Komanda kama Zubairi alivyoagiza, mzima, firigisi juu. Zubairi akajiweka sawa, akaeleza kwa fahari: "Mwambie, hii kwetu ni heshima ya mgeni mkubwa. Ni yake peke yake."

Otim akageuza. Yule afande akasikiliza, akaitazama ile nyama. Uso wake ukabadilika. Akamuuliza Otim jambo, Otim akamjibu, akauliza tena. Halafu, Mungu ni shahidi yangu, akainyanyua ile firigisi kwa vidole viwili, taratibu, akavuta kisahani cha chai, akaiweka. Akachukua kisahani kingine, akafunika.

Mwiko uliniponyoka.

Zubairi alivimba shingo. "Anakataa? Na huyu pia?"

Otim naye alikuwa ametoa macho. "Mzee, anasema hakatai. Anasema kwao, mezani kwa Rais, kipande hiki hakiliwi. Ni cha ndugu wa Rais. Wote katika jeshi lao la maji wamezoea hivyo, sababu ndiye aliyewalea melini. Anasema yeye alidhani ni desturi ya Rais tu. Hakujua kuna nchi inayoijua firigisi."

"Ndugu gani?" Zubairi akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Otim akageuza, akasikiliza kwa muda mrefu. "Anasema, Rais alikuwa luteni. Vita vilimtupa baharini akiwa na mguu uliopondeka, na mtia makaa mmoja Mwafrika akaubeba. Watu wengi kwao hudhani ni kisa cha mzee. Anasema, miaka mingi baadaye wakubwa waligombana, wakamwamuru Rais, akiwa admirali, apige mizinga mji wao. Akazigeuza meli, akaziondoa bandarini. Wakamfunga. Akiwa kifungoni aliulizwa kwa nini aliasi, akasema, nilibebwa na mtu ambaye hakujua hata jina la nchi yangu, nitawapigaje mizinga watu ninaowajua? Watu wakasikia neno hilo. Ndio hao waliomtoa gerezani, wakamchagua."

Hakuna aliyekuwa akila. Maji ya mlimani yalikuwa yakinguruma nyuma ya nyumba. Nikakumbuka kila kisahani, kila asubuhi, kila neno nililomwambia mtu yule, na yule paka! Ng'ambo ya bahari kulikuwa na kisahani kingine, siku zote, mezani kwa mkubwa wa nchi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba mwenzake anakumbuka.

Sikujua kama nitasema. Nilisikia tu sauti yangu mbele ya wanaume wote wale. "Mtu huyo ni mume wangu. Yuko msikitini."

Muzamiru akaweka birika chini aende. Baba yake akamzuia. Mzee Zubairi mwenyewe alisimama, akachukua mwavuli, akatoka bila viatu. Tukawaona wakirudi njiani, Zubairi analowa, mwavuli wote uko juu ya kichwa cha Mutwalibu.

Mutwalibu aliingia na kofia yake ile ya sukari. Hakutazama nishani wala nani. Alimwendea Otim, akasema, "Muulize, mguu wa Anselmo ulipona?"

Otim akauliza. Komanda alikuwa ameshasimama.

"Ulipona," Otim akasema. "Lakini mvua ikinyesha anachechemea."

"Ah," mume wangu akasema, kama mtu aliyetua mzigo. "Nilikosa kuukaza vizuri. Boti ilikuwa inayumba."

Komanda akampigia saluti. Saluti kamili, viatu vikalia, kwa mtia makaa! Kisha akakichukua kile kisahani kwa mikono miwili, akakifunua, akampa. Akasema maneno machache kwa lugha yao wenyewe, hata Otim hakuyajua, ila jina moja la Anselmo, na sote tulielewa. Ilikuwa firigisi ya Anselmo, aliyomwekea ndugu yake.

Mutwalibu akaitazama ile firigisi. Akanitazama mimi. Nikamwashiria kwa kichwa: kula, baba, kula. Akaila. Alitafuna polepole sana, machozi yanamtoka na hayafuti, na Mzee Zubairi amesimama kando yake bado ameshika mwavuli ndani ya nyumba.

Alipomaliza, Zubairi akasema, "Mutwalibu, mimi nilikuomba umkane mtu huyu. Unisamehe. Mtoto wangu akipata baba mkwe wa namna hii, nataka nini zaidi?"

Nangobi alikuwa nyuma yangu jikoni. Nilisikia akicheka na kulia, vyote pamoja, na akaniomba wali.

Alhamisi, 24 Oktoba

Komanda ameondoka. Mutwalibu alipoulizwa ampelekee Rais ombi gani, alifikiri, akampa buni moja. Zubairi alitamani kuomba lori. Nambozo alimfinya.

Jinja, Jumamosi, 16 Novemba

Nangobi ameolewa. Mansukh na Taraben walikuja na seti ya sufuria, na Mansukh amenipa heshima zote, ananiita Mama Ikulu bila kucheka.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mutwalibu amerudi kwenye injini yake kama kawaida, mafuta mpaka viwikoni. Nilimuuliza, je, sasa ataila? Alishaletewa, mambo si yamekwisha? Akasema, "Tulisema mpaka tuonane. Bado hatujaonana."

Jioni hii nimepika kuku. Mutwalibu amechelewa ziwani, mvua inapiga. Nimeitoa firigisi mwenyewe, bila kuambiwa, nikaiweka kwenye kisahani cha bluu, nikakifunika. Ng'ambo ya huko sijui ni saa ngapi, wala sijui kama kunanyesha, mguu wake ukamsumbua.

Paka amekuja, kakaa chini ya meza kama anavyojua. Nimemtoa nje, nikafunga mlango.